Karatasi Nilizoziangusha

Mwanangu Idi,

Salamu zangu zikupate ungali hapa hapa Rumonge, maana kesho asubuhi utapanda mashua ya Ujiji na mimi nitabaki na nyumba. Leo umekwenda Kizuka kumuaga mama yako mdogo, Mwajuma. Nimefunga kibanda cha kazi mapema, nimeswali alasiri, na sasa nimeketi barazani na kalamu. Sina haraka. Najua mama yako mdogo hatakuachia mpaka umekula.

Sitakuandikia habari za swala, wala za maji ya njiani, wala za mtu wa kumtafuta Tabora kabla hujapanda gari la moshi. Hayo nimeyasema mpaka umechoka. Jana nilikuona unaitikia kwa kichwa kabla sijamaliza neno, nikanyamaza. Nataka kukuandikia jambo moja ambalo hukulisikia kwangu, na ni jambo la mama yako.

Unakwenda Dar es Salaam kufanya kazi katika matbaa, mahali ambapo vitabu vinachapwa. Mimi sijaona matbaa maisha yangu yote. Nilijifunza kujalidi, kushona na kufunga vitabu, kule Ujiji, nikaja huku na mama yako tukiwa bado vijana, na tangu siku hiyo kutoka Minago mpaka Kigwena hakuna mjalidi mwingine. Kitabu hunifikia kikiwa karatasi zilizofungwa kamba. Mtu aliyezichapa simjui, naye hanijui. Lakini kwa zile karatasi nimemjua tabia. Nimemjua aliye na subira na asiye nayo. Yupo aliyeacha wino ukakauka, na yupo aliyezipanga zingali mbichi zikashikana kama majani ya chai yaliyolowa. Miaka minne hii, tangu mama yako afariki, kuna siku nimeongea naye kwa sauti kibandani, huyo mchapaji nisiyemjua. Nilimwuliza kwa nini hakuacha nafasi ya sindano. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe, nikaona aibu, nikaendelea na kazi.

Zamani sikuwa naongea peke yangu. Mimi nilikata na kugundisha, mama yako alishona. Wewe unamkumbuka kidogo katika kazi hiyo, ameketi kwenye mkeka, ubao mapajani, uzi ameupaka nta ya nyuki na mwisho wake ameung'ata. Watu walidhani ananisaidia tu. Ukweli ni kwamba Zainabu alisoma vizuri kuliko mimi, kwa sababu baba yake alikuwa mwalimu na alimfundisha pamoja na kaka zake. Kabla ya kushona, alikuwa akisoma mwisho wa kila ukurasa na mwanzo wa ule unaofuata, ahakikishe maneno yanashikana. Mimi niliona anapoteza siku.

Sasa sikiliza. Wewe ulikuwa na miaka kumi hivi. Mzee Feruzi, yule mfanyabiashara wa chumvi na mawese unayemwona msikitini mstari wa mbele, alifiwa na mama yake. Aliagiza kutoka Ujiji karatasi za kitabu cha dua, vitabu thelathini, ili visomwe pamoja siku ya arobaini na kisha vikae msikitini. Mzigo ulichelewa. Ulipofika kwangu zilikuwa zimebaki siku tisa.

Na ulifika vibaya. Kamba ilikuwa imekula pembe. Wino ulikuwa umeshikana, ikabidi tuzibandue moja moja kwa kisu cha mfupa, siku mbili nzima. Kila kitabu kilikuwa na mafungu matano ya kurasa, nayo mafungu hayakuwa na alama wala hesabu yoyote. Ukitaka kujua lipi ni la kwanza na lipi la tatu, lazima usome.

Mama yako alisema, "Baba Idi, tusianze kushona. Tupange kwanza vitabu vyote thelathini, nisome kimoja kimoja. Kisha kila kitabu ukikibane, upige mstari mmoja wa mshazari mgongoni, toka juu mpaka chini, upite mafungu yote matano. Likihama fungu moja, mstari utakatika. Hata asiyejua kusoma ataona."

Nilimwambia, "Huo ni mchezo wa watoto. Unataka nimchoree Mzee Feruzi vitabu vyake?"

"Mgongo utafunikwa na ngozi. Nani atauona?"

"Siku zenyewe ziko wapi, Mama Idi? Shona."

Hakubishana. Alisema tu, "Basi niletee yaliyokaguliwa," maana alidhani kama sitaki mstari, angalau nitakagua.

Siku ya nne, mama yako alikuwa ameshuka ziwani. Mimi nilibeba juu ya ubao vitabu saba, kila kimoja mafungu yake matano, nivipeleke chini ya mawe vilale. Nilijikwaa kwenye kizingiti cha kibanda. Mafungu yote thelathini na matano yalimwagika chini, mengine mpaka nje, upepo ukayasukuma kwenye majivu.

Niliyaokota. Nilipangusa majivu kwa mkono wa kanzu. Kisha, Idi, nikahesabu tano, nikaweka. Nikahesabu tano, nikaweka. Mara saba. Sikusoma hata neno moja. Niliona hesabu imetimia, nikajiambia yatakuwa sawa, na kama hayako sawa kabisa watu huwa wanazisoma dua hizi kwa moyo.

Mama yako alirudi, akatua mtungi, akaona mafungu kwenye ubao wake. Akauliza, "Haya yamekaguliwa?"

Nikajibu, "Yamekaguliwa."

Akachukua sindano.

Siku ya arobaini msikiti ulijaa mpaka uani. Vitabu vyetu thelathini vilikuwa mikononi mwa watu, ngozi bado inanuka. Nilijisikia mtu mkubwa. Walianza kusoma kwa sauti moja, wakasoma vizuri, maana kurasa za mwanzo wote wanazijua kwa moyo, mpaka walipofungua ukurasa wa kumi na saba. Hapo sauti zikagawanyika. Wengi wakaendelea. Wengine wakaanza tena dua waliyokwisha kuisoma, wengine wakarukia ya mwisho, ya kufungia. Mmoja akanyamaza, akamtazama jirani yake. Wakanyamaza wote. Nilisikia ng'ombe analia mbali, huko bondeni, mahali ambapo kabla ya hapo usingesikia kitu kwa ajili ya sauti za watu.

Mzee Feruzi hakupandisha sauti. Alinigeukia mbele ya wote. "Juma, kuna nini?"

Mwanangu, nilikuwa na nafasi. Maneno mawili yangetosha: mimi niliyaangusha. Badala yake nilisema, "Mimi ni mtu wa kukata na kugundisha. Aliyeshona ni mke wangu."

Sikusema uongo hata mmoja katika hayo, ndiyo maana yalinitoka kirahisi.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwanamke kashika maneno ya Mungu, na nani ajuaye kama alikuwa na udhu?" Wengine wakaguna. Mimi niliinamisha kichwa, na wao wakaelewa kwamba nakubali.

Nilipofika nyumbani alikuwa amekwisha sikia, mji wetu ni mdogo. Aliniuliza, "Umewaambia nini?"

"Nimesema wewe ndiye uliyeshona."

"Ni kweli. Nilishona. Na walipouliza kuhusu udhu wangu?"

Nikaanza kuvua kanzu. Aliagiza vile vitabu saba virudishwe kutoka msikitini, akafumua nyuzi zote, akavisoma fungu kwa fungu, akavipanga na kuvishona upya kwa siku tatu. Alipomaliza cha saba alichoma sindano kwenye ukuta wa makuti, akasema, "Haya. Vingine utashona mwenyewe." Hakushona tena kitabu mpaka anakufa.

Ulikuwa mdogo, lakini labda unakumbuka kwamba wanawake waliacha kuja barazani kwetu. Zamani walileta kofia za waume zao azitie nakshi. Waliacha. Alikuwa akialikwa kupika kwenye maulidi, akaacha kualikwa. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu, "Amahoro, Mama Idi," wakapita. Jioni alikaa uani akitazama mlango. Mimi nilikuwa ndani nashona vibaya, najichoma vidole, natamani aje anicheke. Tulikuwa watu wawili katika nyumba moja na hatukuwa na la kusema, kwa sababu neno moja tulilopaswa kulisema lilikuwa langu, nami sikulitoa.

Kisha malale yakaingia pwani ya ziwa. Mwaka ule walifyeka vichaka vyote vya ufukweni kufukuza mbung'o, na watu walipimwa tezi za shingoni. Mama yako alianza kulala mchana. Alilala akiwa na kijiko mkononi. Na kwa kuwa ni yeye, watu walikuwa na la kusema. Walisema ni vile vitabu. Walisema Mungu hasahau.

Sasa nimefika kwako. Siku ile ulirudi kutoka chuo cha Kurani mdomo unavuja damu. Mtoto mwenzako alikuwa amekuambia mama yako amelaaniwa, nawe ukampiga. Mwalimu alileta malalamiko. Uliniambia, "Baba, amesema uongo. Mama hakukosea." Nami nilikuchapa kwa kiboko uani, mbele ya mama yako. Nilikuchapa kwa kupigana, ndivyo nilivyosema. Idi, mwanangu, katika mji mzima wewe peke yako ndiye uliyesema ukweli siku ile, nami nikakuchapa nikijua kwamba ni ukweli. Mama yako aliniita kwa sauti ndogo, "Muache." Nikaongeza viboko viwili.

Nimeyaandika hayo na nimeyasoma tena. Nayaacha.

Walimpeleka kwenye kambi ya wagonjwa. Daktari wa Kijerumani aliwachoma sindano za mkono, wengine walipata nafuu, yeye hakupata. Nilikuwa nikienda na samaki wakavu na unga wa muhogo, wewe nikikuacha kwa Mwajuma. Siku moja nilimkuta macho yamefunguka vizuri na akili imetulia. Nikaona nisipolisema siku ile sitalisema. Nikamwambia, "Zainabu, yale mafungu mimi niliyaangusha. Sikukagua."

Akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Nilipoyafumua. Yalikuwa na majivu katikati ya kurasa. Mimi sijawahi kuweka kitabu karibu na jiko."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme." Kisha akafumba macho, nikadhani amelala. Akasema akiwa amefumba, "Mimi umeniambia. Sasa waambie wale uliowaambia kwanza."

Niliahidi. Alifariki baada ya siku kumi na moja.

Utaniuliza kwa nini nimekaa miaka minne. Nami nimejiuliza sana. Mwanzoni ilikuwa msiba, na watu walikuwa wema kwangu, nikaogopa kuharibu wema wao. Baadaye niliona wamesahau, nikasema nisiwakumbushe. Na baadaye lilikuja jambo jingine, nalo ni baya kuliko yote. Nilianza kupiga ule mstari.

Ule mstari wa mshazari mgongoni mwa mafungu, niliokufundisha ukiwa na miaka kumi na minne, ukasema, "Baba, una akili," ni wa mama yako. Na si mstari peke yake. Kukausha karatasi kwanza juani zikiwa zimetandazwa, kuzigonga mezani mpaka kingo zilingane, kutoboa matundu ya sindano kwa vitabu kumi mara moja, yote aliyasema yeye kwenye ule mkeka na mimi nikaona ni uchelewesho. Nilipobaki peke yangu ilibidi nijaribu. Kazi ya siku tisa ikawa ya siku nne. Wafanyabiashara wa vitabu wa Ujiji walikuja wakatazama, wakauliza nani amenifundisha. Nikasema nimebuni mwenyewe. Sifa hizo ndizo zilizofika Dar es Salaam, na kwa sababu ya sifa hizo matbaa imeandika barua kuomba kijana anayejua mjalidi anataka nini. Kijana huyo ni wewe. Ulikuwa unakwenda kuwafundisha kazi ya mama yako na kuwaambia ni ya Juma wa Rumonge.

Hilo sikuweza kulibeba. Ijumaa iliyopita, ulipokuwa Minago kutafuta ngozi, nilisimama baada ya swala. Nilisema yote: kizingiti, majivu, mafungu saba, na jibu nililompa Mzee Feruzi. Nilisema mke wangu alishona akiwa na udhu kila mara, na kwamba hakuwahi kushika karatasi bila kunawa.

Nilitegemea wanilaumu. Nilitamani wanilaumu. Walinitazama kama mtu mwenye homa. Vijana hawakujua hata nazungumzia nini. Mzee Feruzi, ambaye siku hizi haoni vizuri, aliniuliza, "Vitabu vipi, Juma?" Nikamweleza tena. Akafikiri. Akasema, "Mimi nilikwisha kusahau, ndugu yangu. Mungu amrehemu." Akaomba mtu amshike mkono atoke. Basi. Wakavaa viatu wakaenda makwao. Nilibaki ndani na mwadhini aliyekuwa anakunja mikeka, naye alisubiri nitoke ili afunge mlango.

Idi, hiyo ndiyo iliyoniumiza. Jambo lililommaliza mama yako, wao walilishika siku chache tu wakaliacha. Kama ningesema wiki ile ile, wangelisahau pia, na yeye angerudi kupika kwenye maulidi.

Nilikwenda Kizuka siku iliyofuata. Mama yako mdogo alikuwa anakamua mawese. Yeye hakuwa amesahau. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imejaa mafuta, kisha akasema, "Shemeji, mimi dada yangu nilimuuliza, akaniambia ni mambo yake na bwana yake. Nikakaa kimya miaka yote." Nikamwomba akueleze yeye, maana wewe unampenda na maneno yake ni laini. Akakataa. "Mutoto ni wako. Fimbo ulimupiga wewe. Utamuambia wewe." Akarudi kwenye mawese yake. Nilipoondoka hakunisindikiza, na ni haki yake.

Basi ukifika matbaa, na wakikuuliza, waambie ni Zainabu. Waambie huku kwenye ziwa alikuwepo mwanamke aliyeketi na sindano akingoja karatasi ambazo wengine walizipanga, na kwamba kosa la aliyezipanga humwangukia anayeshona. Wao wana chapa, wanaweza kufanya zaidi ya tulivyoweza sisi. Wakichapa fungu la kwanza, waweke alama ndogo nyeusi kwenye mkunjo, juu. La pili, chini yake kidogo. La tatu, chini tena. Yakipangwa sawa alama zitashuka kama ngazi, na fungu likipotea ngazi itakuwa na pengo. Mjalidi yeyote, hata aliye mbali kama mimi, ataona kabla hajatia uzi. Nilikuwa nafikiri jambo hili ni langu, angalau hili moja, lakini ni mstari wake tu umekatwa vipande.

Na ukiangusha kitu, maana utaangusha, sema pale pale ungali unaokota. Baada ya hapo kila siku linakuwa zito zaidi. Sikufundishi. Nakueleza nilivyokaa.

Mimi nitakuwa mzima. Kazi ipo. Nyumba itakuwa kimya, nami nimekwisha kukizoea kimya chake kidogo, ingawa ulikuwa ukikivunja kwa kukohoa na kwa kuimba hovyo. Sikuombi unisamehe kwa barua. Na usiseme umenisamehe kwa sababu kesho unasafiri na unaona haya kuniacha na kinyongo. Chukua muda wako.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii katikati ya nguo zako, uikute Ujiji au Tabora, mimi nikiwa mbali na macho yako. Nimefika hapa nimeona kwamba ningekuwa nimewaambia watu wa msikiti, nimemwambia Mwajuma, na wewe nikakukimbia. Kwa hiyo ukirudi nitakupa mkononi. Utaisoma hapa barazani, nami nitakaa mbele yako mpaka umalize. Ukitaka kuniuliza, uliza. Ukitaka kuondoka bila kusema, nitakuona unaondoka.

Nasikia unawasalimu watu pale njiani.

Baba yako,
Juma